Dumu la Maalim

MWINYIMVUA: Haloo, nani mwenzangu? Paza sauti, nimekaa karibu na mashine.

ASHURA: Mie, kaka. Ashura. Shikamoo.

MWINYIMVUA: Marahaba, Ashu. Mbona sauti imekauka hivyo?

ASHURA: Uko wapi? Niambie bado uko gatini.

MWINYIMVUA: Gatini nifanye nini? Maji yamejaa tangu saa mbili, boti haimngoji mtu. Nyamisati tumeshaiacha nyuma, hata mapaa siyaoni. Tumo watu sita, Ismaily anasema mie nahesabiwa wawili. [Anacheka.] Kanikalisha katikati, ati nisije nikawapindua.

ASHURA: Ismaily yupi?

MWINYIMVUA: Mwenye boti. Watu wa Mbuchi ndio waliomtuma anichukue, si unajua wana maulidi yao. Naye kitambi anacho, tena amekipakata kama mtoto. Hebu ngoja... anakusalimu.

ASHURA: Salamu zimefika. Kaka, nisikilize kabla mtandao hauja—

MWINYIMVUA: Huko kuna nini? Nasikia watu wengi.

ASHURA: Niko kwa kina Abdulswamadu.

MWINYIMVUA: Asubuhi yote hii? Homa yake vipi? Juzi namuaga alikuwa anatetemeka, kajifunika mablanketi mawili.

ASHURA: Homa imeshuka.

MWINYIMVUA: Alhamdulillahi. Mwambie nikirudi—

ASHURA: Ngoja, kaka, usikate. [Anaziba simu kwa kiganja.] Mwantum, najua. Najua ni mumeo, na wewe ndiye mwenye msiba. Lakini yuko kwenye boti. Siwezi kumwambia mtu aliye majini kwamba rafiki yake amekufa, mpaka akanyage nchi. Ndivyo tulivyolelewa, na wewe unajua kwa nini. Baba yetu aliambiwa msiba wa nduguye akiwa mtumbwini, akasimama, mtumbwi ukapinduka. Tukampata siku ya tatu. Niache nimtoe kwenye lile dumu kwanza, hayo mengine atayakuta. Waambie wanaochemsha maji ya kumkoshea wasubiri kidogo, nakuja.

MWINYIMVUA: Haloo? Umepotea.

ASHURA: Mtandao. Dumu unalo?

MWINYIMVUA: [anashusha sauti] Usilitaje kwa nguvu, spika ya simu hii inapiga kelele. Liko miguuni pangu, nimelifunika kikoi. Hawa nimewaambia ni dawa ya magoti.

ASHURA: Umeshainywa?

MWINYIMVUA: Jana nilionja kifuniko kimoja. Chungu, Ashu, hata shubiri ina nafuu. Dokta Lucas wa gulioni kasema dozi yenyewe ianze nikishavuka maji, kabla sijatia kitu tumboni, kisha siku arobaini mfululizo. Kikombe ninacho mkononi. Nangoja tuingie kwenye mikoko tu.

ASHURA: Kifuniko kimoja.

MWINYIMVUA: Kimoja.

ASHURA: Mwambie huyo Ismaily akutazame macho. Ule weupe wa jicho. Akwambie una rangi gani.

MWINYIMVUA: Ya nini hiyo?

ASHURA: Mwambie, kaka.

MWINYIMVUA: Ismaily, hebu nitazame... Anasema mekundu, ya upepo. Anauliza kama dada yangu ananitafutia mchumba.

ASHURA: Si ya njano?

MWINYIMVUA: Hapana. Unanitisha sasa.

ASHURA: Na mkojo? Haujawa kama kahawa?

MWINYIMVUA: Ashura, humu mna wanawake.

ASHURA: Sema ndiyo au siyo.

MWINYIMVUA: Siyo.

ASHURA: [anashusha pumzi] Basi usiinywe. Weka kikombe chini.

MWINYIMVUA: Haya tumeshayazungumza mpaka yakaisha. Ulikuwapo hospitali, Mchukwi. Ulimsikia yule nesi, Elinipendo, aliponiuliza mbele ya foleni nzima, mzee, unatumia pombe? Mie. Mie ninayeongoza dua kuanzia Kibiti mpaka Mohoro.

ASHURA: Anamuuliza kila mtu, ndiyo kazi yake. Ukamjibu hapana, akaandika hapana. Akasema hili lako ni la mafuta yaliyojaa kwenye ini, halihusiani na pombe, na siku hizi anawaona wengi wa namna yako.

MWINYIMVUA: Na barazani nani alisoma hayo? Cheti kimedondoka kwenye mfuko wa kanzu, kaokota Mwamini wa hapohapo barazani, kasoma neno moja tu, ini. Ijumaa ile nampa mtu mkono, naye ananisogelea puani. Wananinusa, Ashu. Wallahi wananinusa. Mzee mmoja kanipa karafuu nitafune, kwa upole kabisa, kama ananisitiri.

ASHURA: Pole, kaka.

MWINYIMVUA: Wewe nitajie mtu mmoja, huku kwetu, aliyekufa kwa ini bila kuwa mtu wa gongo. Mmoja tu.

ASHURA: Yupo.

MWINYIMVUA: Nani?

ASHURA: Yupo tu. Nitakwambia ukifika.

MWINYIMVUA: Unaona? Huna. Ndiyo maana nakwenda. Siku arobaini Mbuchi, namaliza dumu langu, hakuna anayenichungulia, narudi ini jeupe kama pamba. Kama mambo ya hospitali yangekuwa na dawa ningekunywa ya hospitali. Lakini nesi kasema kidonge hakuna. Mtu anatoka kwake, anapanda pikipiki, anapigwa picha ya tumbo, halafu anaambiwa kidonge hakuna, nenda katembee.

ASHURA: Hakusema hivyo tu. Ulikuwa umekasirika, nusu hukuisikia. Alisema una kilo mia na nne. Ukishusha kumi, polepole, hata ikichukua mwaka mzima, ini linaanza kujisafisha lenyewe. Akasema una bahati, lako bado laini. Likishaota makovu likakakamaa ndipo huwa—

MWINYIMVUA: Ndipo huwa nini? Sauti inakatika.

ASHURA: Ndipo huwa kazi. Na alisema dawa za kuchemsha za magulioni usiziguse, kwa sababu zote zinapitia kwenye ini hilohilo lililochoka. Hilo ulilisikia, maana uliniangalia.

MWINYIMVUA: Kasema na soda basi. Sukari basi. Maandazi basi. Kahawa, kaihalalisha, ila kashata kaiharamisha. Sasa kahawa bila kashata, si afadhali ninywe wino?

ASHURA: [anacheka kidogo, anaacha ghafla]

MWINYIMVUA: Hebu niambie, hiyo nusu sahani ya wali na nusu ya mboga, naila kwa nani? Nakaa mbele ya sinia la hitma, pilau limejaa, nyama ya mgongo wamenielekezea mie, mfiwa amesimama mlangoni ananitazama. Niseme nimeshiba? Watasema Maalim kaidharau maiti yao.

ASHURA: Mwezi uliopita umekula hitma kumi na moja na maulidi matatu. Nilimhesabia nesi, akaiweka kalamu chini. Na zamani ulizifuata kwa miguu, Kibiti mpaka Mchukwi, ukirudi jasho limelowesha kanzu. Leo bodaboda inakungoja mlangoni na ikikurudisha unashuka kitandani.

MWINYIMVUA: Utu uzima, mama.

ASHURA: Kaka, wewe mchinjaji. Nikuulize kitu cha kazi yako.

MWINYIMVUA: Uliza.

ASHURA: Yule mbuzi wa kufungiwa, anayeletewa pumba na mabaki hapohapo alipo, hatoki kwenda popote. Ukimpasua, ini lake likoje?

MWINYIMVUA: [Mashine inanguruma.] Limepauka. Kama udongo. Linateleza, na kisu kinatoka na mafuta.

ASHURA: Mbuzi yule alikunywa gongo?

MWINYIMVUA: [anaanza kucheka, anaacha] Hapana.

ASHURA: Basi.

MWINYIMVUA: Hilo hukuniambia siku ile.

ASHURA: Siku ile hukunipa nafasi. Uko wapi sasa?

MWINYIMVUA: Tunakata kona ya kwanza, mikoko naiona. Ismaily anasema dakika chache tu simu zinakufa. Lakini Ashu, mbona hili jambo umelikazania leo? Nimeondoka nyumbani juzi, uliniaga vizuri, ukanifungia na bisi.

ASHURA: Nimeota vibaya.

MWINYIMVUA: Hujawahi kunipigia kwa sababu ya ndoto.

ASHURA: Basi leo nimekupigia.

MWINYIMVUA: Na Abdulswamadu? Tulinunua pamoja, gulio moja, kipaza sauti kimoja. Yeye kwa sababu ya sukari yake, mie kwa ini, Dokta Lucas akasema yote mamoja. Tena mwenzangu kanitangulia wiki tatu, bila shaka dumu lake linafika chini. Yeye anasemaje?

ASHURA: Ameiacha.

MWINYIMVUA: Ameiacha? Lini?

ASHURA: Leo alfajiri.

MWINYIMVUA: Kwa nini? Yeye ndiye aliyenishawishi. Alisema anajisikia mwepesi.

ASHURA: Ameiacha, kaka. Hainywi tena.

MWINYIMVUA: Mpe simu niongee naye.

ASHURA: Amelala.

MWINYIMVUA: Muamshe, hatagomba. Mwambie ni mie.

ASHURA: Siwezi.

MWINYIMVUA: Nasikia kama wanasoma hapo. Hiyo si Yasini?

ASHURA: Wanamsomea.

MWINYIMVUA: Kumbe amezidiwa.

ASHURA: Wanamsomea, Mungu amrahisishie. Kaka, ukishuka Mbuchi, ukishakanyaga nchi kavu, tafuta hapo wanapopandia kupata mtandao, unipigie. Kabla ya kula. Kabla hata hujakaa. Uniahidi.

MWINYIMVUA: Nakuahidi. Na mwambie Abdulswamadu kwamba kama yeye kaiacha, mie sianzi. Siwezi kuwa mjuzi kumshinda yeye. Nitakwenda kusoma maulidi yao, nitakula wali nusu, watanuna, na kesho kutwa maji yakijaa narudi. Huyo nesi wako akinisimamisha kwenye mzani tena, mwambie nisivue viatu, aibu.

ASHURA: Ahsante, kaka. Ahsante. [Analia bila sauti.]

MWINYIMVUA: Sasa unalia nini?

ASHURA: Mafua. Imwage. Imwage sasa hivi mtoni, nisikie.

MWINYIMVUA: Kumwaga ni israfu. Dawa nzima, lita tano, na nimeisomea dua nyumbani siku saba. Nitamwagaje kitu nilichokisomea?

ASHURA: Imwage, Mwinyimvua.

MWINYIMVUA: Leo umeniita jina. Haya, usigombe, nimeshaiondoa miguuni.

ASHURA: Umemwaga?

MWINYIMVUA: Nime... [mashine inanguruma] ...aily.

ASHURA: Nini? Sijasikia.

MWINYIMVUA: Nimempa Ismaily, nasema. Tangu gatini alikuwa analitazama lile dumu. Nimemfunulia siri, nimemwambia ni dawa ya kitambi na nimeisomea. Amefurahi, masikini, analikumbatia. Ana watoto wanne, anasema mkewe anamcheka tumbo.

ASHURA: Mnyang'anye.

MWINYIMVUA: Haloo?

ASHURA: Mnyang'anye sasa hivi. Kaka. Usikate.

MWINYIMVUA: Ashu, nakusikia vipande vipande... mikoko... Kikombe changu nacho nimempa, ana—

ASHURA: Abdulswamadu amekufa. Amekufa alfajiri, macho ya njano kama manjano ya mchuzi, daktari kasema ini limeungua na ni ile dawa. Hawajamkosha bado. Kaka, unanisikia? Nimeshakwambia, Mungu anisamehe, nimekwambia majini. Ni lile dumu. Haloo?

[Mlio. Kisha sauti ya mwanamke wa mtandao: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.]

ASHURA: Haloo? Kaka?

[Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.]

[Miezi minane baadaye. Simu ya Mwinyimvua inaita, Kibiti.]

ASHURA: Haloo, karibu.

MWANABIBI: Asalaam alaykum. Hii si namba ya Maalim Mwinyimvua?

ASHURA: Wa alaykum salaam. Ndiyo yake. Mie dada yake, Ashura.

MWANABIBI: Mie Mwanabibi, napiga kutoka Mohoro. Tuna hitma ya mama yetu Jumapili, tulikuwa tunamtaka Maalim aje atuongozee kama zamani. Tumeshanunua mbuzi.

ASHURA: Poleni na msiba. Maalim haendi tena kwenye hitma.

MWANABIBI: Ah. Tulisikia anaumwa.

ASHURA: Aliumwa. Sasa hajambo.

MWANABIBI: Tulisikia ini. Samahani, dada yangu. Watu wanasema mengi.

ASHURA: Waache waseme. Lilikuwa ini, na hakunywa pombe hata siku moja. Ameshusha kilo kumi na mbili. Kila asubuhi anakwenda Mchukwi kwa miguu na kurudi. Anakunywa kahawa bila kashata, analalamika kila siku. Mwezi uliopita walimpiga picha tena, nesi akasema mafuta yamepungua sana. Barazani wamemwona amekonda, sasa wanasema kaacha pombe. Wanampongeza.

MWANABIBI: Subhanallah. Naye anasemaje?

ASHURA: Anashukuru, anapita.

MWANABIBI: Na yule rafiki yake wa siku zote, waliokuwa wakija pamoja? Labda yeye—

ASHURA: Abdulswamadu alikufa. Tulimzika siku ileile alasiri, Maalim akiwa Mbuchi, hakuwahi. Mkewe, Mwantum, alimaliza eda akarudi kwao Ikwiriri. Hatuzungumzi sana.

MWANABIBI: Mungu amrehemu. Basi pengine tumtumie mtu wa boti amfuate Maalim mwenyewe, tumbembeleze. Zamani alikuwa anakuja na Ismaily, yule wa Mbuchi—

ASHURA: Naye alikufa.

MWANABIBI: Ismaily?

ASHURA: Maalim alimpa dumu la dawa, ileile iliyomuua Abdulswamadu. Alinipigia aliposhuka. Akiwa majini hakunisikia, nikamwambia upya. Akageuka pale pale kumfuata Ismaily, boti ilikuwa imeshaondoka na abiria wengine. Alimpata siku ya tatu. Akamwomba alirudishe dumu, lina sumu. Ismaily akacheka. Alimwambia mkewe kwamba Maalim ameona dawa inafaa, anajuta, anaitaka irudi. Akalificha. Maalim alikaa Mbuchi siku tisa anamwomba. Alimpigia magoti, mbele ya watu. Ismaily akazidi kuamini. Alilimaliza. Macho yalipogeuka rangi walimleta, akafa boti haijafika Nyamisati. Watoto wanne. Wawili wanasoma hapa Kibiti, wanalala kwetu.

MWANABIBI: Na mwenye dawa?

ASHURA: Tulikwenda polisi, wakaandika. Mfungo uliopita mtu alisikia kipaza sauti chake gulioni, huko mbele. Sijui kama ni yeye. Sauti za kipaza zinafanana.

MWANABIBI: Dada Ashura, naomba basi nimsalimie tu Maalim. Dakika moja.

ASHURA: Hapokei. Tangu arudi hajaishika simu hii. Aliniachia mie. Nikimwita aongee anatoka uani.

MWANABIBI: Haya. Basi... haya, mwenzangu. Tutatafuta mwingine.

ASHURA: Huyo mbuzi mliyemnunua ni wa kufungiwa?

MWANABIBI: Nini?

ASHURA: Hakuna. Nimeuliza tu. Uko wapi unapoongea?

MWANABIBI: Niko kwenye mtumbwi, navuka mto kwenda shambani. Mbona unauliza?

ASHURA: Kaa chini.

MWANABIBI: Nimekaa.

ASHURA: Nimekwambia vifo viwili nawe uko majini.

MWANABIBI: Hukujua.

ASHURA: Hata ningejua. Siku hizi namwambia mtu popote alipo. Kaa tu, usisimame, mpaka ufike.

MWANABIBI: Nimekaa, dada. Salio langu linaisha. Msalimie Maa—

[Simu imekatika.]